Mjue Ernest Starling, Bingwa wa Moyo na Homoni

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu waliyakimbilia majina tunayoyajua sote. Huyu akamchukua Dedan Kimathi, yule Mekatilili wa Menza, mwingine Shaaban Robert. Mimi nilipomtaja Ernest Starling darasa zima liliangua kicheko. Kuna aliyeniuliza kama huyo si yule mchezaji wa mpira. Nikamwambia hapana, huyu uwanja wake ulikuwa moyo wa binadamu.

Kabla sijamweleza, acha niseme kwanza kilichonipeleka kwake, maana si kwamba nilikuwa na mapenzi na Wazungu wa vitabuni.

Nyanya yangu huuza nyanya. Msicheke, ndivyo ilivyo. Huuza nyanya, vitunguu na sukuma wiki sokoni Thika, ingawa sisi twakaa Ruiru. Alfajiri hupanda matatu pamoja nami, yeye akienda sokoni, mimi nikienda shule. Nyumbani tunamwita cucu, na kwa kuwa nimepewa jina la marehemu babu, yeye huniita mume wake. Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba. Asubuhi ilikuwa sawa, lakini kufikia jioni viatu havimwingii, na ukibonyeza mguu kwa kidole shimo linabaki pale pale kama umebonyeza unga wa chapati uliokandwa. Majirani walisema mengi. Wengine eti amekanyaga kitu alichotegewa na wenye wivu. Daktari alisema ni moyo. Umechoka, hausukumi damu sawasawa. Alimpa vidonge vya kumfanya akojoe, akamwambia apunguze chumvi.

Sasa hapo ndipo kosa langu lilipoingia. Choo cha karibu na kibanda chake hakipo. Kilichopo ki mbali, kina foleni na ni cha kulipia, na ukiacha kibanda wateja huenda kwa jirani. Basi cucu akaanza kuruka dawa siku za soko, na siku za soko kwake ni zote isipokuwa Jumapili. Aliniomba nisimwambie mama. Nami, mume mwema, nikakubali. Mama akiniuliza jioni kama cucu amemeza dawa, nilijibu ndiyo bila kupepesa macho. Baada ya wiki tatu hivi, usiku mmoja akashindwa kupumua akilala. Ilibidi aketi kitandani akihema kama mtu aliyetoka kukimbia. Tulimkimbiza hospitali, akalazwa siku tisa.

Siku hizo tisa nilikuwa na maswali mawili kichwani. Kama ugonjwa ni wa moyo, mbona miguu ndiyo inavimba? Na kama ugonjwa ni wa moyo, mbona dawa inaenda kwa figo? Nilimwuliza mwalimu wa biolojia. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniambia nikatafute habari za Ernest Starling, kisha nirudi. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

Ernest Henry Starling alizaliwa mjini London tarehe 17 Aprili 1866. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi mahakamani Bombay, India, wakati India ilipokuwa ikitawaliwa na Waingereza, na alikuwa akirudi nyumbani mara moja baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo watoto walilelewa na mama. Wengi wetu hapa Thika na Ruiru tunalijua jambo hilo, baba kutafuta riziki mbali na mama kubaki na mzigo. Mwaka wa 1882, akiwa na miaka kumi na sita kama mimi, aliingia shule ya udaktari ya hospitali ya Guy's mjini humo. Mimi nina miaka hiyo hiyo na bado naogopa hesabu za logi.

Starling angeweza kuwa daktari wa kawaida, apate wagonjwa matajiri na nyumba nzuri. Lakini mwaka wa 1885 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, akafanya kazi kwenye maabara ya huko. Aliporudi hakutosheka tena na kuandika dawa. Alitaka kujua mwili unafanyaje kazi. Kosa la mashine hulijui kama hujui mashine yenyewe inavyokwenda, na hilo fundi yeyote wa gereji hapa Thika atakwambia. Mwaka wa 1891 alimwoa Florence Wooldridge, mjane wa mwalimu wake, mwanamke msomi aliyemsaidia sana katika uandishi wa kazi zake.

Miaka hiyo ndipo alipokutana na William Bayliss katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College. Wawili hawa walikuwa kama usiku na mchana. Bayliss alikuwa mwana wa tajiri wa viwanda vya chuma, mtu mpole, mwenye subira, asiyependa makuu. Starling alikuwa mwepesi wa kusema, mwenye haraka, na jambo likimkera halimezi. Lakini walipatana kama chanda na pete. Mwaka wa 1893 Bayliss alimwoa Gertrude, dada yake Starling, wakawa mashemeji. Kuanzia hapo ukitaja mmoja ni lazima umtaje mwenzake.

Kazi ya kwanza iliyompa Starling sifa ndiyo iliyojibu swali langu la kwanza. Mwaka wa 1896 alieleza jinsi maji yanavyotoka na kurudi katika mishipa midogo kabisa ya damu, ile tunayoiita kapilari. Kuta za mishipa hiyo ni nyembamba sana na zinapitisha maji. Nguvu ya damu husukuma maji yatoke nje yaingie nyamani. Lakini ndani ya damu kuna protini ambazo hazipiti ukutani kwa urahisi, nazo huyavuta maji yasiende yote. Nguvu hizo mbili zikilingana, mtu yuko sawa. Sasa chukua moyo uliochoka. Damu inayorudi kutoka miguuni haipokelewi haraka, inangoja nyuma kama magari barabarani saa ya jioni. Nguvu ndani ya mishipa inapanda, maji yanasukumwa nje kuliko yanavyorudi, na kwa kuwa maji hushuka chini, miguu inavimba. Hapana aliyemtegea cucu chochote sokoni. Ni nguvu mbili tu zilizokosa kulingana, na alizieleza mtu wa London zaidi ya miaka mia moja kabla mimi sijazaliwa.

Mwaka wa 1899 Starling alifanywa profesa katika chuo hicho hicho. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Kisha ikafika tarehe 16 Januari 1902. Siku hizo dunia nzima ilikuwa ikimsikiliza Pavlov wa Urusi, mtaalamu wa mambo ya tumbo, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Yeye na wafuasi wake waliamini kwamba viungo vya tumbo huambiana kwa njia ya neva. Chakula chenye asidi kikitoka tumboni kikaingia utumbo mdogo, kongosho hutoa maji yake ya kumeng'enya. Nani aliyeiambia kongosho kwamba chakula kimefika? Jibu la wakati huo lilikuwa neva.

Starling na Bayliss walimchukua mbwa aliyekwisha kutiwa dawa ya usingizi. Wakachagua kipande cha utumbo mdogo, wakakata neva zote zinazokwenda pale, wakaacha mishipa ya damu peke yake. Wakatia asidi. Kama ni neva, kongosho isingejua lolote, maana simu imekatwa. Kumbe baada ya dakika chache kongosho ikaanza kutoa maji yake kama kawaida! Basi habari haikupita kwenye neva. Ilipita ndani ya damu.

Starling, kwa ile haraka yake, hakungoja. Alichukua kipande kingine cha utumbo, akaparua ngozi yake ya ndani, akaisaga kwa mchanga na asidi, akachuja, kisha maji yale yaliyochujwa wakamdunga mbwa kwenye mshipa wa shingo. Kongosho ikatiririka tena. Kitu hicho wakakipa jina la sekretini. Tafadhali msomaji, likumbuke jaribio hili: chukua kiungo, kisage, chuja, dunga, kisha tazama. Nitalirudia kabla sijamaliza.

Si kila mtu aliyefurahi. Mwaka wa 1903 wanafunzi wawili wa kike kutoka Uswidi walihudhuria somo la Bayliss ambamo mbwa mmoja wa rangi ya kahawia alipasuliwa mbele ya wanafunzi. Wanafunzi hao walisema mbwa hakuwa amelala vya kutosha. Bwana mmoja aliyetetea wanyama, Stephen Coleridge, akalisema jambo hilo hadharani. Bayliss akaenda mahakamani kulitetea jina lake, akashinda na kulipwa pauni 2,000. Starling alitoa ushahidi. Mbwa huyo alikuwa amepasuliwa naye mara ya kwanza, na sheria ilikataza mnyama mmoja kutumiwa hivyo mara mbili. Alikiri jambo hilo waziwazi, akaeleza kwamba hakutaka mbwa wawili wafe mahali pa mmoja. Mwaka wa 1906 sanamu ya mbwa yule ilisimamishwa Battersea, London, na mwaka uliofuata wanafunzi wa udaktari wakapigana na polisi mitaani wakitaka ibomolewe. Iliondolewa mwaka wa 1910.

Mimi mwenyewe nilisita hapa. Nyumbani tuna mbwa, jina lake Simba, na sikupenda kumfikiria mezani. Lakini pia niliwaza kuhusu wagonjwa wa kisukari wanaoishi leo kwa sindano za insulini, ambayo nayo ilipatikana Kanada mwaka wa 1921 kwa majaribio ya mbwa. Sitaki kukudanganya kwamba nina jibu. Nasema tu kwamba dawa aliyomeza cucu haikushuka kutoka mbinguni, na wale waliouliza maswali kuhusu mbwa hawakuwa wajinga.

Juni 1905 Starling alitoa mihadhara mbele ya madaktari wakubwa wa London. Alisema kwamba sekretini haiko peke yake. Miaka kumi hivi kabla yake, Schafer, profesa wa chuo hicho hicho, pamoja na mwenzake, walikuwa wameonyesha kwamba maji ya tezi zilizo juu ya figo hupandisha presha ya damu. Starling akaona hayo yote ni jamaa moja. Mwilini mna wajumbe wanaotengenezwa na kiungo kimoja, wakabebwa na damu, wakaenda kuamsha kiungo kingine kilicho mbali. Wajumbe hao hawakuwa na jina la pamoja. Wenzake wa Cambridge wakamshauri neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kutia mwendo. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa neno homoni, tunaloliandika kila mtihani bila kujua limetoka wapi. Ajabu ni kwamba Starling mwenyewe alikuwa akizilaumu shule za kwao kwa kukazania Kigiriki na Kilatini na kuitupa sayansi kando. Kumbe neno lake kubwa kuliko yote lilitoka huko huko!

Baada ya hapo aligeukia moyo. Alitengeneza njia ya kuuacha moyo na mapafu ya mbwa viendelee kufanya kazi kwa saa kadhaa, damu ikipita katika mipira na vyombo vya kioo, ili aweze kuongeza au kupunguza damu inayoingia apendavyo. Kabla yake Otto Frank wa Ujerumani alikuwa amejaribu na moyo wa chura. Kuanzia mwaka wa 1914 Starling na wenzake waliandika walichokiona, na ndicho kinachoitwa hadi leo sheria ya moyo ya Frank na Starling. Kwa maneno ya kwetu ni hivi: damu nyingi ikiingia, kuta za moyo hutanuka, na kadiri zinavyotanuka ndivyo pigo linalofuata linavyokuwa na nguvu. Moyo haungoji kuambiwa na ubongo. Ukiletewa zaidi unasukuma zaidi. Ni kama kamba ya manati, ukiivuta sana jiwe linaenda mbali. Lakini manati ina mpaka wake, na moyo pia. Ukinyooshwa kupita kiasi miezi na miaka, hulegea.

Fikiria kwamba moyo wako hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na kila dakika husukuma damu lita 5 ukiwa umetulia. Ukikimbilia matatu inayotoka steji, damu inayorudi huongezeka ghafla, na moyo unaongeza pigo hapo hapo. Sheria hiyo ndiyo inayokufanya usianguke kabla hujashika mlango.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, Starling alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi. Alishughulikia kinga ya gesi ya sumu, akapelekwa hadi Thessaloniki, Ugiriki. Lakini ulimi wake haukujua kupigia wakubwa saluti. Aliona mambo yakifanywa kijinga na akasema ni ya kijinga. Wakubwa hawakumpenda, naye akaondoka jeshini. Hata hivyo hakukaa bure. Aliongoza kamati ya wanasayansi iliyohusika na chakula wakati wa vita, na mwaka wa 1919 aliandika ripoti kuhusu njaa ilivyowaumiza Wajerumani, watu aliosoma kwao akiwa kijana.

Ulimi huo ulimponza. Bayliss alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1922. Starling hakupewa. Jina lake lilipelekwa kwa ajili ya Tuzo ya Nobel, hakuipata. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Lakini mimi namwonea fahari kidogo. Alisema ukweli ukamgharimu, nami nilisema uongo mdogo nikidhani hauna bei.

Mwaka wa 1920 aliugua saratani ya utumbo mpana, akapasuliwa na sehemu ya utumbo ikaondolewa. Nguvu zake hazikurudi zote, lakini kazi hakuacha. Karibu mwaka wa 1924, pamoja na kijana aitwaye Verney, aliliunganisha figo na ule moyo na mapafu yake ya maabara. Figo hilo lilitoa mkojo mwingi na mwepesi kama maji. Walipotia kidogo dondoo la tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, mkojo ukapungua na kuwa mzito. Homoni ya kichwani ilikuwa ikiliamuru figo lishike maji. Leo homoni hiyo inaitwa vasopresini.

Mwaka huo huo wa 1924, Agosti, Bayliss alifariki. Mwenzake wa miaka zaidi ya thelathini, shemeji yake. Starling aliishi karibu miaka mitatu zaidi. Mwaka wa 1927 alipanda meli kwenda Jamaika kutafuta jua na nafuu. Hakuwa na mtu wa familia pamoja naye. Tarehe 2 Mei 1927 meli ikikaribia mji wa Kingston, alifariki. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alizikwa huko huko Kingston, mbali na kwao. Na tarehe 2 Mei, msomaji, ndiyo siku aliyozaliwa Bayliss.

Hapa ningemaliza, lakini kuna jambo Starling hakuliona, na ndilo mwalimu alilotaka nilipate mwenyewe.

Starling aliijua sheria ya moyo. Aliijua pia habari ya homoni, tena ndiye aliyeipa jina. Lakini kwake moyo ulikuwa pampu tu. Hakuna aliyewaza kwamba pampu inaweza kuandika barua. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu waliona vijipunje vya ajabu ndani ya chembe za vyumba vya juu vya moyo, vinavyofanana na vile vya tezi za homoni. Wakajiuliza vinafanya nini pale. Mwaka wa 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Kanada, alichukua vyumba vya juu vya moyo wa panya, akavisaga, akachuja, akawadunga panya wengine. Umelikumbuka jaribio? Ni lile lile la 1902! Panya wale walianza kukojoa, na chumvi iliyotoka kwenye mkojo iliongezeka zaidi ya mara 30. Moyo nao ni tezi. Na mji ambamo de Bold alifanya jaribio hilo unaitwa Kingston, ule wa Kanada. Starling amezikwa Kingston ya Jamaika. Mambo mengine hupangwa na nani, sijui.

Homoni hiyo huitwa kwa kifupi ANP. Mwaka wa 1988 ikapatikana ndugu yake, BNP, ambayo hutoka zaidi vyumba vya chini vya moyo. Kazi yake ni hivi. Chumvi na maji vikizidi mwilini, damu inakuwa nyingi na kuta za moyo zinatanuka. Kutanuka kule kule kulikomfanya Starling aandike sheria yake ndiko kunakotoa homoni. Homoni hiyo inakwenda kwa figo na kuziambia ziachilie chumvi na maji. Lakini haiishii hapo, inazinyamazisha na homoni nyingine. Figo hutoa renini presha ikishuka. Homoni ya moyo inaipunguza. Tezi zilizo juu ya figo hutoa aldosteroni, inayoamuru chumvi ishikwe. Homoni ya moyo inaizuia. Hata ile vasopresini ya Starling na Verney, homoni ya moyo huipunguza. Mishipa ya damu nayo inalegea, presha inashuka.

Wale waliofika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 na linalowapa watu wa Nairobi maji ya mto Thika, wataelewa. Bwawa likijaa kupita kiasi, maji lazima yapate pa kutokea, la sivyo ukuta uko hatarini. Moyo ni ukuta wa bwawa unaojua umejaa, na unaopiga simu mwenyewe.

Sasa mbona simu ya moyo wa cucu haikusikika? Mwalimu alinieleza nilipomrudia. Moyo ukichoka, bado unatoa homoni, tena nyingi kuliko ya mtu mzima wa afya. Ndiyo maana madaktari hupima BNP katika damu kujua kama moyo umelemewa. Lakini figo zinapokea damu kidogo, zinadhani mwili umekauka, kama mtu aliyejikata na kumwaga damu. Basi renini na aldosteroni zinapiga kelele kama makanga kumi pale steji: shika maji, shika chumvi! Sauti moja ya moyo inamezwa. Maji yanazidi, moyo unalemewa zaidi, miguu inavimba, mwisho maji yanafika mapafuni na mtu hawezi kulala chali. Kidonge cha kukojosha kinafanya ile kazi ambayo barua za moyo zimeshindwa kuifanya. Na chumvi ukiiongeza kwenye githeri, unawasaidia wale makanga.

Siku ile nilipoelewa, nilimwambia mama ukweli. Nilitarajia kichapo. Hakunipiga, alinyamaza, na kile kimya kiliniuma kuliko fimbo. Kesho yake tulikwenda na cucu kwa daktari, tukamweleza habari ya choo na kibanda. Kumbe lilikuwa jambo dogo! Alimruhusu ameze kidonge alasiri akisharudi nyumbani, badala ya alfajiri. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, naye cucu aliona haya kusema. Miezi mizima ya kuficha, na dawa yake ilikuwa sentensi moja.

Siku hizi nikitoka shule hupitia sokoni, tunafunga kibanda mapema, tunapanda matatu ya Ruiru pamoja. Akifika anameza kidonge mbele yangu. Chumvi naipima mimi. Watu wazima wanashauriwa wasipite gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na kwa cucu naweka chini ya hapo, nikitumia dania na limau badala yake. Yeye hulalamika kwamba mume wake siku hizi anapika chakula cha hospitali. Lakini viatu vinamwingia.

Wenzangu, tukikaa darasani tukakariri kwamba homoni ni kemikali inayobebwa na damu, tukumbuke kuna mtu aliyeipa jina, akaandika sheria ya moyo, akafa melini bila kujua kwamba mambo hayo mawili yalikuwa yakikutana ndani ya moyo wake mwenyewe. Viungo vya mwili vinaambiana kila dakika. Kiungo kikinyamaza au kisiposikilizwa, mwili wote hupata taabu. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Mficha uchungu hapati mganga, nami naongeza: na anayemsaidia kuuficha si rafiki.

Tamati.